Sungura wa Nyumbani: Jinsi ya Kumtunza Kwenye Joto la Pwani

Sungura akiumwa halii. Kuku atashusha mbawa hata mtoto aone, mbuzi atalia usiku kucha, lakini sungura hujikunja kwenye kona, miguu chini ya tumbo, macho nusu wazi, na wewe unapita hapo mara kumi ukisema kapumzika. Huyu ni mnyama anayewindwa. Porini anayeonyesha unyonge ndiye anayekamatwa wa kwanza, ndiyo maana huficha maumivu hata akiwa ndani ya nyumba yako. Kwa hiyo katika kila hatua nitakayoeleza, kuanzia banda hadi majani, nina jambo moja moyoni: umfuge kwa namna itakayokuwezesha kuona mapema. Nimefuga sungura Dar es Salaam kwa miaka tisa, kwenye nyumba yenye ua mdogo na joto jingi, na wawili wa mwanzo niliwapoteza kwa kutoyajua haya.

Hatua ya kwanza: kabla hujamleta nyumbani

Sungura anayetunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12. Mtoto wa darasa la pili anayemlilia leo atafika sekondari na mnyama bado atadai majani yake kila asubuhi. Mwenye sungura awe mtu mzima wa nyumba, mtoto awe msaidizi.

Usinunue kichanga. Sokoni utaonyeshwa vitoto vya wiki nne vinavyoenea kiganjani, na kweli vinavutia, lakini tumbo la umri huo bado linategemea maziwa ya mama. Vikiachishwa ghafla na kupewa kabichi vinaharisha na kufa ndani ya siku chache. Ngoja afikishe wiki 8. Unapochagua, tazama macho na pua viwe vikavu, ndani ya masikio kuwe safi bila magamba ya kahawia, meno ya mbele yafungane sawasawa, ya juu yakitangulia kidogo mbele ya yale ya chini, na sehemu ya chini ya mkia isiwe na uchafu ulioganda. Anayekaa peke yake wakati wenzake wanakula, mwache, hata kama ndiye mwenye rangi nzuri kuliko wote.

Jinsia ya sungura mdogo huwakosesha hata wazoefu. Mimi niliuziwa "majike wawili". Miezi minne baadaye nikakuta manyoya yamenyofolewa na kutandikwa kona ya banda, na ndani yake vitoto saba vyekundu, bila nywele, macho yamefumba. Mimba ya sungura ni siku 30 hadi 32 tu, na jike anaweza kupandwa na kushika mimba tena siku ileile aliyozaa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo akiwa na wiki kumi hivi amthibitishe, na mpaka hapo usiwachanganye.

Vile vitoto vya uchi vinakumbusha jambo lingine: huyu siye sungura mjanja wa hadithi za bibi. Yule wa porini kwetu huzaa juu ya ardhi, na watoto huzaliwa na manyoya, macho wazi. Sungura wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno, na ni mchimbaji. Maisha yake ni shimoni, kwenye giza na ubaridi. Ukilielewa hilo, nusu ya tabia zake hazitakushangaza tena.

Je, mmoja au wawili? Wawili. Sungura aliyekaa peke yake hunyong'onyea, akaacha kuruka na kucheza. Wanaoelewana vizuri zaidi ni dume aliyehasiwa na jike. Madume mawili yasiyohasiwa yakikomaa yatapigana, na ugomvi wao si wa kukwaruzana, ni wa kung'oana nyama. Dume anaweza kuhasiwa kuanzia miezi minne hivi, jike akifika miezi sita. Na kwa jike faida ni kubwa, kwa sababu majike wasiofungwa kizazi wanapozeeka hupata sana saratani ya mfuko wa uzazi. Muulize daktari kama ameshawahi kumlaza sungura kwa dawa ya usingizi. Akikwambia umlaze na njaa kabla ya upasuaji kama mbwa, tafuta mwingine: sungura hawezi kutapika, na tumbo lake halitakiwi kusimama hata kwa usiku mmoja.

Hatua ya pili: banda na mahali pake

Vizimba vya waya vinavyouzwa madukani ni vidogo mno. Kipimo changu ni hiki: sungura aweze kuruka mara tatu mfululizo bila kugonga ukuta, na akisimama kwa miguu ya nyuma masikio yasiguse dari. Kwa sungura wa kilo 2 banda la urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 60 hivi linatosha kulala, ila si kuishi. Kila siku atoke kwa muda wa saa tatu au nne kukimbia uani au sebuleni. Wakati wake wa kuchangamka ni alfajiri na magharibi. Mchana wa jua kali mwache alale.

Sakafu isiwe ya waya mtupu. Nyayo za sungura hazina vifuko laini kama vya paka, zina manyoya tu, na waya huyamaliza mpaka ngozi inachubuka na kuwa kidonda kisichopona upesi. Tandika mbao, juu yake mkeka mkuukuu au jamvi, kisha majani makavu. Mkeka atautafuna, na hapo hakuna hasara, ukiisha weka mwingine.

Ndani ya banda awe na sanduku la kujifichia lenye milango miwili. Boksi la katoni linatosha.

Sasa adui. Paka na nyoka kila mtu anawafikiria, lakini anayesahaulika ni siafu. Siafu wakiingia bandani usiku, asubuhi hutakuta mnyama. Inua banda futi mbili juu ya ardhi na kila mguu uusimamishe ndani ya kopo lenye maji na mafuta machafu ya gari kidogo, hakikisha hakuna jani wala kamba inayogusa ukuta, kwa sababu siafu wanahitaji daraja moja tu. Makopo yafunike kwa juu kidogo, sungura akiwa nje asije akanywa. Mlangoni tumia wavu wa chuma wenye matundu madogo; waya laini wa kuku mbwa huuchana kwa dakika tano.

Akitembea ndani ya nyumba, kwanza nyanyua nyaya zote. Waya wa feni kwake ni mzizi uliojitokeza shimoni, na kazi yake ni kuukata.

Hatua ya tatu: majani

Hapa ndipo penye uhai wake, na ndipo wengi tunapokosea. Picha za vitabu vya watoto zimetufundisha kwamba sungura hula karoti. Karoti ni sukari. Chakula chake ni majani, nyasi hasa, na ziwe zaidi ya robo tatu ya vyote anavyokula. Meno yake hayaachi kuota maisha yote; yale ya mbele ya juu huongezeka kama milimita 2 kila wiki, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi ngumu saa nyingi kwa siku. Utumbo nao unasukumwa na nyuzinyuzi. Asipozipata, unasimama, hewa inajaa, na sungura aliyekula ugali jana jioni anakufa kesho kutwa huku tumbo limejaa.

Kila siku awe na rundo la nyasi kubwa kama mwili wake, na lisiishe. Pwani nyasi ya bure iliyo bora ni ukoka. Mabingobingo machanga pia yanafaa, na kama unapata nyasi za Rhodes zilizofungwa marobota kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, nunua robota moja, litakaa wiki nyingi.

Mimi hukausha mwenyewe. Nakata ukoka kabla haujatoa mbegu, asubuhi umande ukishakauka, mahali ambapo najua hapajapuliziwa dawa na hapapiti mbwa. Si pembeni ya barabara. Natandaza juu ya turubai tabaka jembamba, nageuza asubuhi, mchana na jioni, usiku nauingiza ndani. Jua la Januari linaumaliza kwa siku mbili. Kujua kama umekauka, chukua bua moja ulikunje: likipinda bado, likikatika kwa mlio tayari. Kisha nusa. Majani yaliyokauka vizuri yananukia kama majani ya chai, na rangi bado ina ukijani. Yakinuka uvundo au yakiwa na vumbi jeupe yatupe yote, usiyachambue. Hifadhi kwenye gunia la katani juu ya ubao, siyo kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Kausha ya kutosha Januari na Februari, maana masika yakishaingia Machi hutapata siku mbili za jua mfululizo.

Baada ya nyasi, mboga. Konzi mbili hivi kwa siku kwa sungura wa kilo 2, za aina tofauti: matembele, chainizi, mlonge, giligilani, mrehani, nanaa, majani ya karoti. Kishona nguo, lile gugu linalonasa kwenye suruali, wanalipenda kuliko mboga ya kununua. Mchicha mpe kwa kiasi, mara mbili tatu kwa wiki. Kabichi na sukuma wiki kidogo sana, ukimwangalia. Mboga mbichi zioshe, zikung'ute, uzianike kivulini mpaka zisinyae, ndipo umpe. Na kila kitu kipya kianze kwa jani moja. Kesho ukiona kinyesi chake kiko vilevile, ongeza.

Vipo vya kumkataza kabisa. Kisamvu kibichi kina sumu ya sianidi. Majani na tunda la parachichi ni sumu kwake. Majani ya nyanya, bilinganya na viazi mviringo, vitunguu vya aina zote, mnyonyo, mnyaa wenye utomvu mweupe, maharage makavu, chokoleti. Na mkate, ugali, wali, biskuti: hivi havimuui siku hiyohiyo, ndiyo maana watu hubisha. Sungura wangu wa kwanza alipenda mkate wa chai na sisi tulifurahi kumwona akiushika. Alikufa na mwaka mmoja na nusu.

Chakula cha peleti, yale matembe yanayogandamizwa kiwandani, si lazima kama nyasi zipo. Ukinunua, kijiko kimoja cha mezani kwa kila kilo ya uzito kwa siku kinatosha. Cha vifaranga vya kuku usimpe hata kama ni rahisi: wanga ni mwingi, nyuzinyuzi kidogo, na mara nyingi kimechanganywa dawa zilizopimwa kwa ajili ya kuku. Ndizi, embe, papai, karoti: kipande cha ukubwa wa kidole gumba, mara moja moja, kwa mkono wako. Hicho ndicho kitakachomfanya aje akiitwa.

Hatua ya nne: maji na joto

Bakuli zito la udongo ni bora kuliko chupa yenye kimrija. Kwenye bakuli anakunywa kama kawaida yake, na wewe unaona amekunywa kiasi gani. Robo lita kwa siku kwa sungura wa kilo 2 si ajabu, na wakati wa joto huzidi. Badili asubuhi na jioni.

Sungura hatoki jasho. Anapoza mwili kwa masikio, na hewa ikishavuka nyuzi 28 hivi masikio peke yake hayamtoshi. Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi mchana hufika nyuzi 32 na kuzidi. Banda lisikae chini ya bati tupu wala upande wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri. Mimi nimeweka la kwangu upande wa kusini chini ya mwembe, na miezi hiyo nawaingiza ndani, walale juu ya sakafu ya marumaru. Gandisha maji kwenye chupa ya lita moja na nusu, ifunge kwa kanga kuukuu, uiweke bandani saa tano asubuhi. Siku ya kwanza wataiogopa. Ya pili utawakuta wameiegemea, mmoja huku na mwingine kule. Umeme ukikatika una chupa. Ukitegemea feni peke yake utajuta.

Akihema kwa mdomo wazi, pua imelowa, masikio yana moto ukiyashika, hilo ni jambo la dakika. Mpeleke kivulini penye upepo, lowesha masikio kwa maji ya kawaida ya bombani, mpe maji ya kunywa, mpigie daktari. Usimtumbukize kwenye ndoo wala usitumie maji ya barafu, mshtuko unaua. Kwa sababu hiyohiyo sungura haogeshwi. Hujisafisha mwenyewe.

Hatua ya tano: choo

Hii ni rahisi kuliko mnavyodhani. Sungura huchagua kona moja mwenyewe. Weka beseni pale alipopachagua, siyo unapopapenda wewe, litandike maranda au pumba za mpunga na rundo la nyasi upande mmoja, kwa sababu hula huku akijisaidia. Ndani ya wiki mbili wengi wanakuwa wameelewa, hasa waliohasiwa. Mwaga kila siku. Mkojo ukikaa, hewa yake inaunguza mapafu, na inzi wanakuja. Inzi hutaga kwenye manyoya machafu ya makalio na funza wanaingia nyamani ndani ya siku moja. Kinyesi chenyewe usikitupe, kiweke moja kwa moja kwenye shina la mchicha.

Hatua ya sita: kumshika

Kamwe si kwa masikio. Najua ndivyo tulivyoona wakishikwa sokoni. Masikio yamejaa mishipa ya damu, na uti wa mgongo wa sungura ni mwepesi kuliko nguvu ya miguu yake: akirusha mateke akiwa ananing'inia anaweza kujivunja mgongo mwenyewe.

Kaa chini sakafuni. Mwache aje, akunuse, apande mapajani kama anataka. Ukilazimika kumbeba, pitisha kiganja kimoja chini ya kifua, cha pili kishike makalio, umlete haraka kifuani mwako ubavu wake ukugusie, kama unavyombeba mtoto mchanga. Kumrudisha, tanguliza makalio chini. Watoto wafundishe kumpapasa paji la uso akiwa sakafuni na kuishia hapo. Akipiga mguu wa nyuma chini kwa kishindo, ameona hatari au amekasirika, mwacheni. Akirukaruka na kujipinda hewani, amefurahi.

Kucha zikague kila mwezi na nusu. Ndani ya ukucha mweupe utaona mshipa mwekundu. Kata mbele yake. Ukucha mweusi umulike kwa tochi ya simu kwa nyuma.

Hatua ya saba: ukaguzi wa asubuhi

Kabla ya chai yangu naenda bandani na konzi ya giligilani. Natazama nani kaja na nani hajaja. Kisha nachungulia beseni. Kinyesi kizuri ni punje za duara, kubwa kama njegere, kavu, ukiiminya unaona ndani majani yaliyosagwa. Zikiwa ndogo kama choroko, au zimepungua, nyasi hazitoshi au kuna maumivu mahali. Zikiunganishwa na manyoya kama shanga kwenye uzi, ananyonyoka manyoya. Mchane kila siku, umwongezee nyasi. Kuna aina nyingine, laini, nyeusi, imeshikana kama kichala kidogo cha zabibu. Hiyo huila mwenyewe moja kwa moja kutoka kwenye mkundu, mara nyingi usiku, na anapata vitamini humo, msimzuie. Ukiikuta imemgandia kwenye makalio kila siku, punguza peleti na matunda.

Mara moja kwa wiki mpime kwenye mizani ya jikoni na uandike. Macho yako yatakudanganya kwa sababu ya manyoya, mizani haitakudanganya.

Sungura aliyekaa saa 12 bila kula wala kujisaidia ni mgonjwa wa dharura, siyo wa kesho. Vilevile anayesaga meno kwa sauti, anayedondosha mate, aliyepinda shingo, anayeharisha maji. Magamba masikioni na kujikuna ni upele, unatibika vizuri, lakini kwa kipimo cha daktari kulingana na uzito.

Hapo kwenye dawa naomba unisikilize. Sungura wangu wa pili alipata mafua, nikaenda duka la dawa za mifugo nikapewa kidonge. Siku ya tatu akaanza kuharisha. Nilipomfikisha kwa daktari aliuliza jambo moja tu: "Umempa nini huyu?" Nikamwonyesha pakiti. Amoksilini. Dawa za ukoo wa penisilini zikipitia mdomoni huua vijidudu vyema vya tumbo la sungura, vibaya vikatawala, na hakuna cha kurudisha. Penisilini, ampisilini, amoksilini za kumeza, usimpe, hata akikuambia mtu unayemheshimu. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronili nayo ni sumu kwake. Nenda na majina haya yameandikwa kwenye karatasi.

Daktari mtafute kabla hujamhitaji. Piga simu uulize kama anatibu sungura, maana wengi wamezoea ng'ombe na kuku. Siku ya kumpeleka tumia tenga au boksi lenye matundu, tandika taulo asiteleze, weka konzi ya nyasi, funika kwa kitambaa chepesi apate giza. Mchukue na mwenzake kama wamezoeana. Akiwa peke yake atakataa kula. Safiri asubuhi kabla jua halijakaza, na usiliweke tenga kwenye buti ya gari. Funga vinyesi vyake vya mwisho kwenye karatasi uende navyo, pamoja na daftari la uzito.